ALFRED WEGENER: OFISA ALIYEYASOMA MAKOVU YA MWEZI

Askari yeyote aliyewahi kupangiwa lindo la usiku anaujua mwezi kuliko raia aliyelala kitandani. Anajua siku gani utachomoza mapema na kumfichua, na siku gani utachelewa na kumsitiri. Na akiichukua darubini ya kawaida ya jeshi, ile tunayoitumia kuchunguza vilima vya mbele, akaielekeza juu kwa dakika chache, ataona ya kuwa uso wa mwezi umejaa mashimo ya mviringo, makubwa kwa madogo, mengine yamepandana mfano wa uwanja uliopigwa mizinga usiku kucha. Mashimo hayo yalichimbwa na nini? Na je, kilichoyachimba kikirudi tena, sisi tulio huku chini tutasalimika?

Swali la kwanza lilimshughulisha sana Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, mtaalamu wa hali ya hewa na ofisa wa akiba wa askari wa miguu. La pili hatuwezi kulijibu vema bila ya kupitia kwake. Ndiyo maana leo tunayasimulia maisha yake.

Wegener alizaliwa mjini Berlin tarehe 1 Novemba 1880, kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu wa lugha za kale. Kijana alisomea elimu ya nyota, na mwaka 1905 akatunukiwa shahada ya udaktari katika elimu hiyo. Lakini hakuwa mtu wa kukaa juu ya kigoda akipanga tarakimu. Aligeukia elimu ya hewa, ambayo wakati huo ilikuwa ikifanywa kwa tiara na baluni, na mwezi Aprili 1906 yeye na kaka yake Kurt walikaa angani ndani ya baluni kwa muda wa saa 52 na nusu bila kutua. Hakuna aliyekuwa amewahi kukaa muda mrefu kiasi hicho.

Mwaka huohuo alikwenda Greenland pamoja na msafara wa Kidenmark, akakaa huko hadi 1908. Kiongozi wa msafara, Mylius-Erichsen, alifia kwenye barafu pamoja na wenzake wawili. Wegener alikuwa katika msafara huo, na bado alirudi huko mwaka 1912 pamoja na nahodha wa Kidenmark, J. P. Koch. Safari hii watu wanne walilivuka bara zima la barafu kwa kutumia farasi wadogo wa Iceland. Koch alitumbukia katika ufa wa barafu akavunjika mguu. Chakula kilikwisha, farasi wakafa mmoja baada ya mwingine, na mwishowe walilazimika kumla mbwa wao. Waliokolewa walipokuwa wamekata tamaa karibu na pwani ya magharibi.

Mnamo Januari 1912, kabla ya safari hiyo, alikuwa amesimama mbele ya wataalamu mjini Frankfurt na kuwaeleza jambo lililowaudhi wengi, kwamba mabara hayakutulia mahali pamoja, bali zamani yalikuwa bara moja likapasuka na vipande vyake vikasogea. Kwa jambo hilo ndipo anapojulikana zaidi duniani. Alichekwa kwa karibu nusu karne, na ni katika miaka ya 1960, yeye akiwa amekwisha kufa zamani, ndipo vipimo vya sakafu ya bahari vilipomthibitisha. Sisi wa Afrika Mashariki tusingepaswa kumcheka hata kidogo. Anayesimama kwenye ukingo wa Bonde la Ufa amesimama mahali ambapo bara linapasuka hadi leo.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914 aliitwa kazini mara moja, akapelekwa Belgium. Huko alipigwa risasi ya mkono. Alipopata nafuu alirejea kwenye kikosi chake, na baada ya muda mfupi akapigwa ya pili, hii ikamwingia shingoni. Madaktari waliamua ya kuwa hafai tena kwa mapigano, naye akahamishiwa katika idara ya jeshi ya hali ya hewa. Kazi ilikuwa ya kusafiri kutoka kituo hata kituo, kupima upepo na mawingu kwa ajili ya mizinga, ndege na baluni za kivita. Wengine wangeiona kama adhabu. Yeye aliandika vitabu akiwa katika likizo ya majeruhi.

Tukio lililomwelekeza kwenye mwezi lilianguka, kwa maana halisi ya neno hilo, alasiri ya tarehe 3 Aprili 1916. Watu wa jimbo la Hesse waliona mpira wa moto ukipita mbinguni mchana kweupe, kisha wakasikia ngurumo. Wengi walidhani ni mambo ya vita. Wegener, ambaye bado alikuwa mtumishi wa jeshi, alianza kukusanya habari kama vile ofisa wa upelelezi anavyofanya. Aliwauliza mashahidi walikuwa wamesimama wapi, walitazama upande gani, kimondo kilipita juu ya mti gani au paa gani, na baada ya sekunde ngapi ndipo waliposikia sauti. Kila mmoja alikuwa na lake, na wengine walikosea kabisa. Lakini mistari mingi ikichorwa kwenye ramani, yenye makosa hutupwa na iliyo sahihi hukutana. Kila mpiga mizinga anaijua kazi hii. Wegener alitoa ripoti ikitaja eneo ambamo jiwe lilipaswa kuwa limezama, karibu na mji wa Treysa. Mwezi Machi 1917 lilipatikana msituni, si mbali na mahali alipopataja, likiwa limezama kiasi cha mita 1.6 ardhini. Lilikuwa pande la chuma lenye uzito wa kilo 63.

Pande hilo lilimpa fikira. Kama kitu cha kilo 63 kinaweza kuzama hivyo hata baada ya kupunguzwa kasi na hewa yetu, itakuwaje pale ambapo hakuna hewa kabisa ya kukizuia? Mwezi hauna hewa. Kila kinachoelekea kwake hufika na kasi yake kamili.

Enzi hizo karibu wataalamu wote waliamini ya kuwa mashimo ya mwezini ni kasoko za milima ya moto. Hawakuwa wajinga. Wao pia walikuwa wameziona kasoko za duniani, na aliyepata kuyatazama maziwa ya kasoko karibu na Fort Portal, au bonde la Ngorongoro, ataelewa kwa nini walifikiri hivyo. Wegener alijibu kwa vipimo. Mdomo wa mlima wa moto kwa kawaida huwa juu, kileleni, na sakafu yake huwa juu ya tambarare inayouzunguka. Mashimo ya mwezini ni kinyume chake, kwani sakafu yake iko chini ya tambarare, na udongo uliorundikana kwenye kingo unakaribia kutosha kulifukia shimo lenyewe. Basi udongo haukutoka tumboni mwa mwezi. Ulirushwa kutoka pale pale.

Baada ya vita, katika majira ya baridi ya 1918 kwenda 1919, alifanya majaribio mjini Marburg ambayo hata mtoto wa shule angeweza kuyafanya. Alitandaza unga wa saruji, kisha akaangusha juu yake kijiko cha unga uleule. Kila mara lilitokea shimo dogo la mviringo lenye kingo zilizoinuka, na mara nyingine katikati kulibaki kilima, kama kile kinachoonekana katikati ya mashimo makubwa ya mwezini. Alipima upana na kina, akalinganisha na vipimo vya mwezi, na mwaka 1921 akatoa kijitabu juu ya asili ya mashimo hayo. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vita, fedha haina thamani, na mtaalamu anachezea saruji kwa kijiko! Lakini alikuwa sahihi.

Pingamizi moja lilibaki. Mawe yatokayo angani hayaji wima yote, mengi huja kwa mshazari, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba mashimo mengi yangepaswa kuwa marefu kama yai. Jibu lilitolewa na wataalamu wengine waliofanya hesabu ya nguvu, na sisi askari twaweza kulielewa upesi. Bomu likidondoka kwa mshazari shimo lake bado ni la mviringo, kwa sababu kinachochimba ni mlipuko. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 hivi kwa sekunde. Jiwe la angani huupiga mwezi kwa kasi kama ya kilomita 20 kwa sekunde, nalo kwa kasi hiyo halihitaji baruti. Kila kilo moja yake huachilia nguvu inayokaribia ile ya kilo 48 za TNT. Jiwe lenyewe hugeuka mvuke.

Miamba iliyoletwa na Wamarekani waliotua mwezini kati ya 1969 na 1972 ilimaliza ubishi huo. Mashimo ya mwezini, isipokuwa machache mno, ni majeraha ya kupigwa.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo Wegener hakuishi kulijibu ila ametuachia njia ya kulijibu. Tuseme sayari ndogo, yaani mojawapo ya yale majabali yanayolizunguka jua pamoja nasi, imeupiga mwezi. Je, mwezi utang'oka? Utatuangukia? Maji ya bahari yataacha kujaa na kupwa?

Hofu hiyo iko midomoni mwa wengi, lakini hesabu inaipinga. Chukua jabali lenye upana wa kilomita 10, kiasi cha lile lililoipiga dunia kule Mexico miaka milioni 66 iliyopita na kuwamaliza dinosaria, wale reptilia wakubwa wa kale. Mwezi unaizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 1 hivi kwa sekunde. Jabali hilo likiupiga, kasi hiyo itabadilika kwa chini ya milimita moja kwa sekunde. Ni kama mdudu amejipiga kwenye ubavu wa lori la jeshi. Mwezi utabaki njiani mwake, na wavuvi wa Mombasa na Zanzibar watatumia kalenda yao ileile ya bamvua na maji mafu.

Tena jambo hili si la kubuni, kwani limekwisha kutokea. Lipo shimo kusini mwa mwezi liitwalo Tycho, lenye upana wa kilomita 85. Usiku wa mwezi mpevu utaliona kama doa jeupe lililozungukwa na miali, na miali hiyo ni vumbi na mawe yaliyorushwa. Linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 108. Wakati huo dinosaria walikuwa wakitawala nchi kavu, na hawakuangamia. Waliendelea kuishi kwa zaidi ya miaka milioni 40, hadi pale jabali jingine lilipoacha mwezi na kuipiga dunia yenyewe, likachimba shimo la upana wa kilomita 180 hivi. Majabali mawili yasiyopitana sana kwa ukubwa, shabaha mbili, na matokeo mbali kama mbingu na ardhi.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba pigo la mwezini halitufikii kabisa. Ili kitu kiondoke mwezini moja kwa moja kinahitaji kasi ya kilomita 2.4 tu kwa sekunde, na mlipuko mkubwa hurusha mawe mengi kwa kasi inayozidi hiyo. Mengine hupotelea angani, mengine hunaswa na mvuto wa dunia baada ya siku chache au baada ya maelfu ya miaka. Mwaka 1982 lilitambuliwa jiwe lililookotwa katika barafu ya Antaktika ambalo kwa kila kipimo lilikuwa la mwezini. Hakuna aliyelibeba, lilirushwa na pigo la namna hiyo. Tangu hapo yamepatikana mengine mengi.

Kwa hiyo siku ya pigo kubwa mtu aliye duniani angeona kwanza mweko, bila kusikia sauti yoyote, kwani kati yetu na mwezi kuna kilomita 384,400 za utupu. Kisha, baada ya siku kadhaa, vingeanza kuanguka vimondo, vikiingia katika hewa yetu kwa kasi ya kilomita 11 na zaidi kwa sekunde. Vilivyo vidogo vingeteketea juu, na watoto wangefurahi. Vikubwa vingefika chini. Wingi wao ndio ungeamua iwapo ni tamasha au ni maafa. Lau lingekuwa pigo kama yale yaliyochimba mabonde makubwa ya mwezini karibu miaka bilioni nne iliyopita, mabonde yenye upana wa kilomita elfu moja hivi, basi vipande vilivyorushwa vyenyewe vingeweza kuwa majabali ya kuteketeza miji. Lakini majabali ya kuchimba mabonde hayo hayapo tena katika njia zetu. Kubwa kuliko yote yanayotukaribia, liitwalo Ganymed, halizidi upana wa kilomita 40.

Hatari ya kizazi chetu iko mahali pengine. Mwaka 2025 wataalamu walilifuatilia jabali dogo lenye upana wa mita 60 hivi, walilolipa alama ya 2024 YR4. Kwanza walihofia litaipiga dunia mwezi Desemba 2032. Hofu hiyo ilipoondoka, hesabu za mwaka huohuo zilionyesha nafasi ya kama asilimia 4 kwamba lingeupiga mwezi. Hesabu za namna hii hubadilika kila kipimo kipya kinapoongezwa. Kilichowashughulisha hakikuwa mwezi, wala bahari, bali setilaiti. Shimo la kilomita moja tu mwezini lingeweza kurusha changarawe ya kutosha kuzitoboa setilaiti zilizo juu yetu, na punje moja kwa kasi ile ni risasi. Jeshi la leo hupata humo mawasiliano, ramani na habari za mvua. Kamanda aliyezoea kuonyeshwa mahali alipo na kioo kidogo mkononi atajikuta siku moja anatafuta dira na ramani ya karatasi, ambavyo nina shaka kama bado anajua kuvitumia.

Mapigo madogo hutokea kila mwaka. Tarehe 17 Machi 2013 darubini za Marekani zilinasa mweko mwezini uliosababishwa na jiwe la kilo 40 hivi. Lilichimba shimo la mita 18, na hapa duniani hakuna aliyetikisika.

Turudi kwa Wegener. Mwaka 1924 alipewa uprofesa mjini Graz, nchini Austria. Hakuyasahau mashimo. Mwaka 1927 alikwenda kisiwa cha Saaremaa, nchini Estonia, ambako kuna shimo la mviringo lililojaa maji. Akaungana na waliosema kwamba limechimbwa na kimondo, na baadaye vipande vya chuma cha angani vilipatikana hapo. Hapa kwetu Afrika ya kati liko Luizi, katika Katanga, lenye upana wa kilomita 17 hivi. Lilithibitishwa mwaka 2011 tu.

Mwaka 1930 aliongoza msafara wake mwenyewe kwenda Greenland. Shabaha ilikuwa kupima hewa na unene wa barafu kwa mwaka mzima katika vituo vitatu, kimoja kikiwa katikati kabisa, kilomita 400 kutoka pwani, kikaitwa Eismitte. Barafu ya baharini iliwachelewesha kushusha mizigo kwa zaidi ya wiki tano. Magari ya kuteleza yenye injini, yaliyotegemewa kwa uchukuzi, yalikwama katika theluji laini. Basi wakati majira ya baridi yanaingia, watu wawili, Georgi na Sorge, walikuwa Eismitte bila akiba ya kutosha, nao walikuwa wametuma habari ya kuwa mafuta na chakula visipofika kabla ya tarehe 20 Oktoba, watarudi pwani kwa miguu. Wegener alijua maana yake, kwamba watafia njiani.

Mwishoni mwa Septemba aliondoka mwenyewe, pamoja na Fritz Loewe na Wagreenland 13, wakiwa na magari 15 ya kuburutwa na mbwa. Theluji ilikuwa nyingi na baridi kali, na Wagreenland wakarudi kwa makundi hadi akabaki mmoja tu, Rasmus Villumsen, kijana wa miaka 23. Mimi siwalaumu waliorudi, kwani hawakuapa kiapo chochote na waliijua barafu kuliko sisi sote. Watatu hao walifika Eismitte tarehe 30 Oktoba, baada ya siku 40, katika baridi iliyofika nyuzi 54 chini ya sifuri. Vidole vya miguu vya Loewe viliganda vikafa, na baadaye vilikatwa kwa kisu cha mfukoni. Magari yalifika karibu matupu. Nao Georgi na Sorge walikuwa wamebadili shauri, wakachimba pango barafuni na kuamua kukaa na kidogo walichokuwa nacho.

Hapa maofisa wenzangu hubishana kila ninapowasimulia. Wapo wasemao kamanda hakupaswa kuondoka makao yake kupeleka mzigo ambao sajini angeupeleka. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa la mwanzo, kuitegemea mashine ambayo haikujaribiwa katika theluji ile na kutoacha nafasi ya kuchelewa katika mpango. Kosa likisha kufanyika, hakuna mwingine aliyestahili kulilipa.

Chakula cha pangoni hakikuwatosha watu watano. Loewe hakuweza kutembea. Tarehe 1 Novemba 1930, siku alipotimiza miaka 50, Wegener na Villumsen waliwafunga mbwa 17 katika magari mawili wakaelekea pwani. Hawakufika.

Mwezi Mei 1931 watafutaji waliona jozi ya viatu virefu vya kutelezea vimesimikwa katika theluji, karibu nusu ya njia. Chini yake walimkuta Wegener, amevalishwa vizuri na kushonewa ndani ya vifuniko vya mifuko ya kulalia. Hakuwa na jeraha wala dalili ya kuganda. Ilidhaniwa ya kuwa moyo ulisimama kwa uchovu, akafa hemani. Villumsen ndiye aliyemzika, akaweka alama, akachukua kitabu cha kumbukumbu cha kamanda wake na kuendelea na safari peke yake. Walimfuata kwa kambi alizopiga, hadi athari zikapotea. Kaka yake Wegener, Kurt, alikwenda kuushika uongozi wa msafara na kazi ikamalizwa. Mwili uliachwa pale pale, na theluji ya miaka mingi imekwisha kuufunika.

Shimo mojawapo la mwezini limepewa jina la Wegener. Liko upande wa nyuma, ule usioonekana kamwe kutoka duniani. Rasmus Villumsen hakupatikana hata leo.